Habari za Namba 2,147,483,647

Katika gazeti letu la muhula huu nataka kueleza habari za namba moja tu. Itazame hapo juu, kisha uisome kwa sauti: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita na arobaini na saba. Ina tarakimu kumi. Wanafunzi wengi wakiona namba ndefu namna hii hufunga daftari mara moja, na wazazi nao huuliza, kwa haki kabisa, "Mambo haya yatamfaa nini mtoto wangu?" Makala haya yanakusudia kujibu pande zote mbili. Mwanafunzi ataona kwamba namba hii haihitaji akili ya ajabu, ila subira na utaratibu. Mzazi naye ataona kwamba jambo lililodhaniwa kuwa mchezo wa wataalamu tu limekwisha ingia katika simu aliyonayo mfukoni.

Sifa kubwa ya namba hii ni kwamba ni namba tasa. Basi tuanze hapo.

NAMBA TASA NI NINI?

Wanafunzi 24 wakiitwa kwenye paredi, kiongozi wao anaweza kuwapanga kwa namna nyingi: safu mbili za watu 12, safu tatu za watu 8, au safu nne za watu 6. Lakini mmoja wao akiitwa ofisini wakabaki 23, mambo yanabadilika. Kiongozi atajaribu safu mbili, mmoja atazidi. Atajaribu safu tatu, wawili watazidi. Atajaribu nne, tano, sita, na kila mara kutakuwa na baki. Watu 23 hupangika katika mstari mmoja tu. Namba ya namna hiyo, isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, ndiyo iitwayo namba tasa.

Mpanda miti wa Sao Hill au mpanda chai wa Mufindi anaijua habari hii hata kama hajaipa jina. Akipewa miche 91 ataona mwanzoni kwamba imekataa kupangika, lakini akivumilia atapata safu 7 za miche 13. Akipewa miche 97, avumilie asivumilie, hapati kitu, kwa sababu 97 ni tasa. Hapa tunajifunza jambo la kwanza: kwa kutazama tu, namba tasa na isiyo tasa zaweza kufanana kama mapacha. Lazima zijaribiwe.

Jina lenyewe lina kichekesho kidogo. Namba hizi tunaziita tasa, lakini ndizo zinazozaa namba nyingine zote! Namba 24 ni 2 × 2 × 2 × 3. Namba 91 ni 7 × 13. Hakuna namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo si tasa yenyewe wala haikujengwa kwa kuzidisha namba tasa, kama vile nyumba isivyoweza kujengwa bila matofali.

ELIMU HII IMEANZA WAPI?

Mtu asidhani kwamba elimu hii ni ngeni katika Afrika. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimbua mfupa mdogo huko Ishango, mashariki ya Kongo, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mfupa huo, ambao ni wa maelfu mengi ya miaka iliyopita, umechanjwa alama katika mistari mitatu. Katika mstari mmoja alama zimefungwa mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Je, aliyechanja alijua? Wataalamu hawakubaliani, na wengi wanaonya tusimpe mtu wa kale mawazo yetu sisi. Lakini wengi huona kwamba huenda alikuwa akihesabu. Mfupa huo umehifadhiwa Brussels.

Huko Misri, katika mji wa Alexandria, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hoja yake ni fupi. Tuseme mtu anajigamba kwamba anazo namba tasa zote. Mwambie azizidishe zote pamoja, kisha aongeze 1. Jibu hilo likigawanywa kwa yo yote kati ya namba zake litaacha baki ya 1. Kwa hiyo, ama jibu lenyewe ni tasa mpya, ama limejengwa kwa tasa ambayo hakuwa nayo. Baada yake akaja Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi iitwayo leo Libya, akafundisha kuzipata namba tasa kwa chekeche: andika namba zote kuanzia 2, futa zinazogawanyika kwa 2 ukiiacha 2 yenyewe, kisha kwa 3 ukiiacha 3, kisha kwa 5 ukiiacha 5, na kuendelea, zitakazobaki juu ya chekeche ndizo tasa.

Njia hiyo ni nzuri kwa namba ndogo. Lakini nani ataandika namba bilioni mbili na zaidi, aanze kuzifuta? Kwa namba yetu yatupasa kutafuta njia nyingine, na njia hiyo inaanzia kwenye bao.

BAO NA NAMBA YETU

Bao la kete lina mashimo 32: safu nne, na kila safu mashimo manane. Weka kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, yaani kila shimo lipate mara mbili ya lililotangulia. Kete za bao ni 64. Ukifika shimo la sita utakuwa umetumia 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32, jumla 63, na mkononi imebaki kete moja tu. Lakini tuseme kete hazikuisha. Endelea mpaka ujaze mashimo 31, ukiliacha la mwisho tupu. Je, bao litakuwa na kete ngapi?

Zitakuwa 2,147,483,647 barabara. Ndiyo namba yetu.

Angalia jumla zinavyokwenda: shimo moja 1, mawili 3, matatu 7, manne 15, matano 31, sita 63. Kila jumla ni pungufu kwa moja tu ya kete ambazo shimo linalofuata lingepata. Kwa hiyo jumla ya mashimo 31 ni 2 iliyozidishwa kwa 2 mpaka zitimie 2 thelathini na moja, kisha ukatoa 1. Kwa ufupi twaandika 2³¹ − 1.

Ukubwa wake je? Tukitumia punje za mahindi badala ya kete, na tukikadiria punje 3,000 kwa kilo moja, mzigo utakuwa kama magunia 7,158 ya kilo mia, ambayo yatahitaji malori 24 yenye kuchukua tani 30 kila moja. Tukizipanga punje hizo mstari mmoja na kuipa kila punje milimita moja tu, mstari utakuwa na kilometa 2,147. Reli ya TAZARA, itokayo Dar es Salaam, ipite Makambako na Mbeya hata Kapiri Mposhi kule Zambia, ina kilometa 1,860. Na mtu akizihesabu punje moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, atamaliza baada ya miaka 68. Miaka hiyo 68 uiweke akilini, maana tutaikuta tena mbele.

KWA NINI MASHIMO 31?

Turudi kwenye mashimo sita, jumla 63. Mashimo sita yaweza kugawanywa mafungu mawili ya mashimo matatu matatu. Fungu la kwanza lina 1 + 2 + 4, yaani 7. Fungu la pili lina 8 + 16 + 32, yaani 56, ambayo ni 7 mara 8. Kila fungu linagawanyika kwa 7, basi jumla nayo inagawanyika kwa 7. Ndivyo ilivyo siku zote: idadi ya mashimo ikiweza kupangwa mafungu yaliyo sawa, jumla ya kete haiwezi kuwa tasa.

Lakini 31 yenyewe ni tasa. Mashimo 31 hayakubali mafungu sawa. Mlango huo umefungwa.

Je, hiyo yatosha kusema kwamba jumla ni tasa? Hapana, na hapa wengi huteleza. Mashimo 11 nayo hayakubali mafungu sawa, na jumla yake ni 2,047. Lakini 2,047 ni 23 × 89. Kumbe idadi ya mashimo kuwa tasa ni sharti, wala si ushahidi.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliandika orodha ya idadi za mashimo ambazo, kwa maoni yake, zinatoa jumla tasa. Namba 31 alikuwa ameiweka, na alisema kweli. Lakini aliweka pia 67, na mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha mbele ya wanahesabu wenzake kwamba 2⁶⁷ − 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Mersenne alikuwa mtu mwenye elimu na heshima kubwa, lakini hesabu haiangalii heshima ya mtu. Neno la mkubwa si uthibitisho. Uthibitisho ni kazi iliyoandikwa hatua kwa hatua, ambayo hata mtoto wa Kidato cha Pili aweza kuikagua.

KAZI YA MTU ASIYEONA

Aliyethibitisha kwamba 2,147,483,647 ni tasa ni Mswisi Leonhard Euler, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg katika Urusi. Alitoa habari hiyo katika barua aliyomwandikia Bernoulli mwaka 1772. Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha haribika, karibu kipofu kabisa. Mtu wa namna hiyo angewezaje kuigawanya namba ya tarakimu kumi kwa maelfu ya namba nyingine? Hakufanya hivyo. Alitafuta kwanza namba zipi hazina haja ya kujaribiwa.

Tuanze na jambo mlilofundishwa darasani. Kama namba si tasa, lazima iwe na kigawanyo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kama 46,340. Kwa hiyo hatuna haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Hata hivyo namba tasa zilizo chini ya 46,340 zinakaribia 4,800. Ukiweza kugawanya kumi kwa saa moja bila kukosea, ni kazi ya saa 480. Si kazi ndogo hiyo!

Sasa tazama alivyoipunguza. Chukua 23, ile inayoigawanya 2,047. Anza na 2, uzidishe kwa 2 kila mara, na kila ukivuka 23 uondoe 23. Utapata hivi: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Umefika 1 katika hatua ya 11, na kutoka hapo mzunguko unaanza upya. Kufika 1 katika hatua ya 11 maana yake 2¹¹ huacha baki ya 1 ikigawanywa kwa 23. Ukiiondoa hiyo 1, hakuna baki. Ndiyo sababu 23 inaigawanya 2¹¹ − 1.

Mfaransa Pierre de Fermat alikuwa ameona mwaka 1640 kwamba mzunguko huu una desturi isiyovunjika: kwa namba tasa yo yote zaidi ya 2, ukifika hatua iliyo pungufu kwa moja ya namba hiyo, lazima ukute 1. Kwa 23, lazima ukute 1 katika hatua ya 22. Na kweli, 22 ni mizunguko miwili ya 11.

Basi tuseme kuna namba tasa inayoigawanya 2³¹ − 1. Mzunguko wake lazima ufike 1 katika hatua ya 31. Urefu wa mzunguko lazima uingie katika 31 bila baki; na kwa kuwa 31 ni tasa, urefu ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, maana hatua ya kwanza ni 2. Kwa hiyo ni 31. Lakini Fermat anadai mzunguko ufike 1 pia katika hatua iliyo pungufu kwa moja ya namba yenyewe. Kwa hiyo namba hiyo, ukiitoa 1, lazima igawanyike kwa 31. Tena ni namba witiri, basi ukiitoa 1 itagawanyika kwa 2 pia. Mwisho wa hoja ni huu: kigawanyo cho chote kilicho tasa cha namba yetu, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 62.

Ona jinsi mzigo ulivyopungua! Namba 3, 5, 7, 11, 13 na ndugu zao karibu wote wameondoka bila kuguswa. Kuna na kanuni ya pili, ambayo uthibitisho wake unahitaji hesabu za juu kidogo: kigawanyo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kiache baki ya 1 au 7. Ukiziunganisha kanuni mbili, namba zinazobaki za kujaribiwa hazifiki 400, na ukiondoa zile zisizo tasa, zinabaki themanini na kitu tu. Ya kwanza kabisa ni 311. Jaribu mwenyewe: 2,147,483,647 gawanya kwa 311 ni 6,905,092, baki 35. Haigawanyiki. Endelea hivyo hadi ya mwisho. Kila mara kutakuwa na baki. Basi namba yetu ni tasa, na hakuna awezaye kulibadili jambo hilo.

Kazi ya saa 480 imekuwa kazi ya saa nane au tisa. Nguvu za mkono hazikuongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni kujua mahali pa kutazama. Kwa zaidi ya miaka 70 baada ya Euler hapakupatikana namba tasa kubwa zaidi iliyothibitishwa.

"HAINA FAIDA"

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow alitaja katika kitabu chake namba kubwa inayotokana na hii yetu, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba kamilifu, maana vigawanyo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudisha namba ile ile, kama vile 1 + 2 + 3 vinavyorudisha 6. Alisema kwamba yaelekea hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa, kwa kuwa namba za namna hiyo ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na nani atajisumbua kutafuta nyingine?

Barlow alikuwa mwanahesabu hodari, lakini katika neno hili wakati umemsuta.

Kwanza, kompyuta. Kompyuta huhesabu kwa nafasi, na kila nafasi ina 0 au 1. Nyingi zilitengenezwa kuweka namba katika nafasi 32, na moja kati ya hizo hutumika kwa alama ya kuongeza au kutoa. Zinabaki 31. Nafasi ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, na kuendelea. Msomaji ameshaona: ni bao letu lile lile lenye mashimo 31! Zikijaa zote, namba kubwa iwezayo kuwekwa ni 2,147,483,647. Mwaka 2014 wimbo mmoja wa Mkorea Psy ulitazamwa katika mtandao wa YouTube mara nyingi kupita namba hiyo, na wenye mtandao wakatangaza kwamba wamepanua nafasi za kuhesabia. Hapa tuseme kweli: mashine haijali kwamba namba hii ni tasa, inajali tu kwamba mashimo yamejaa.

Pili, saa. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia usiku wa manane wa Greenwich kuamkia tarehe 1 Januari 1970, ambao kwetu ulikuwa saa tisa za usiku. Unaikumbuka miaka 68? Mashine iliyo na nafasi 32 itajaza mashimo yake siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7 za asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, isipokuwa imerekebishwa, itarudi nyuma na kudhani ni tarehe 13 Desemba 1901. Kompyuta mpya nyingi zimekwisha pewa nafasi 64, nazo hazina shida. Lakini zipo mashine ndogo ndogo zilizofichwa ndani ya mitambo, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zinapokwama. Nani atazikagua zile zilizo katika hospitali zetu, viwanda vyetu na mitambo yetu ya maji? Wanafunzi wanaovaa sare leo watakuwa watu wazima kazini siku hiyo. Tusipowafundisha hesabu sasa, itabidi tuwangoje wageni waje kutusomea saa zetu wenyewe.

Tatu, kufuli za siri. Kuzidisha 311 kwa 1,303 ni kazi ya dakika moja. Jibu ni 405,233. Lakini mpe mwenzako 405,233 peke yake, umwambie atafute namba mbili tasa zilizoizaa, uone atakavyotoa jasho. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman huko Marekani waliitumia tofauti hii kutengeneza kufuli: kufunga ni rahisi kama kuzidisha, kufungua bila ufunguo ni kugumu kama kurudi nyuma. Kufuli hizo hutumia namba tasa zenye tarakimu mamia. Namba yetu sasa ni ndogo mno kwa kazi hiyo, maana simu inaweza kuitambua kufumba na kufumbua. Njia nyingine hutumia mizunguko iliyo jamaa ya ile tuliyoiona kwa 23, lakini ndani ya namba tasa kubwa. WhatsApp, ambayo wazazi wengi huitumia kupashana habari za watoto shuleni, hufunga ujumbe kwa msaada wa namba tasa 2²⁵⁵ − 19, yenye tarakimu 77. Mzazi wa Tukuyu akimwandikia mwanawe aliye Iringa, namba tasa imesimama mlangoni.

ZINAENDELEA KUTAFUTWA

Tangu mwaka 1996 watu wa nchi nyingi wameunganisha kompyuta zao kutafuta namba tasa za jamii hii. Mwezi Oktoba 2024 ilipatikana kubwa ambayo bao lake lingekuwa na mashimo 136,279,841. Aliyeipata ni Mmarekani Luke Durant. Ina tarakimu 41,024,320. Kama ukurasa mmoja wa gazeti letu ungechukua tarakimu 3,000, tungehitaji kurasa zipatazo 13,675 kuichapa. Je, namba tasa za jamii hii zina mwisho au hazina? Kwa namba tasa kwa jumla Euclid alikwisha jibu. Kwa jamii hii ya 2 toa 1, hakuna mtu ye yote duniani aliyepata jibu mpaka leo. Swali liko wazi kwa mwenye kalamu, awe Oxford au awe Ileje.

MAJARIBIO KWA WASOMAJI

Kusoma habari za kuogelea si kuogelea. Basi yafuatayo yafanyike kwa kalamu na karatasi, bila simu.

1. Mashimo 13 yana jumla ya 8,191. Tumia kanuni mbili za Euler (hapa 26 inashika mahali pa 62) uonyeshe kwamba ni tasa. Ukifuata vizuri utagawanya mara moja tu.

2. Mashimo 17 yana jumla ya 131,071. Onyesha kwamba zinabaki namba tatu tu za kujaribu, kisha uzijaribu.

3. Mashimo 23 yana jumla ya 8,388,607. Namba 23 ni tasa. Je, jumla yake nayo ni tasa? Msomaji hodari atapata jibu kwenye jaribio lake la kwanza.

4. Mashimo saba yana jumla ya 127. Eleza kwa sentensi mbili kwa nini namba hii ni tasa, bila kugawanya hata mara moja.

Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa hesabu kabla ya kufunga shule. Jibu lisiloonyesha njia halitapokelewa, hata likiwa sahihi, kwa sababu ile ile iliyomfanya Mersenne akosolewe.